Metropolis (1927), ile muvi bubu ya Wajerumani ya mji wa juu na mji wa chini: mwisho wake tumepigwa au mimi ndiye sijaelewa?

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za mihangaiko. Uzi ni mrefu, mwenye bando la kuunga unga asome kwa awamu.

Wiki iliyopita nilikuwa off siku mbili (mimi ni mtu wa shifti, kiwandani, idara ya kufungasha), umeme upo, mtoto wa dada yangu kaja na flashi ina muvi kama mia hivi, nikaichomeka kwenye tivii. Naperuzi nakutana na Metropolis. Nikajua labda katuni. Kumbe ni picha ya Wajerumani ya mwaka 1927, haina rangi, hawaongei, mtu anafungua mdomo weee halafu ndiyo yanakuja maandishi. Dogo akasema anko toa hiyo. Nikamwambia nipe dakika tano tu. Dakika tano zikawa masaa mawili na nusu na mpaka leo sijakaa sawa.

Kilichonikamata ni mwanzo. Mashine zinazunguka, king'ora kinapuliza mvuke, shifti inabadilishana. Wamevaa sare nyeusi, wamejipanga safu, vichwa chini, geti linapanda juu, hawa wanaingia na hawa wanatoka. Sasa usiangalie sura, angalia miguu. Wanaotoka wanatembea polepole kuliko wanaoingia, kama nusu ya mwendo, na wote kwa pamoja, hakuna anayemuacha mwenzake. Mtu ambaye hajawahi kutoka shifti ya usiku hilo linampita hivi hivi. Mimi natoka saa 12 asubuhi kila baada ya wiki, ule mguu naujua, unakuwa kama umeazimwa na mwenyewe anautaka. Aliyeitengeneza, Fritz Lang, sijui alikaa geti gani akawaangalia watu.

Kwa ambao hawajaiona: kuna mji una maghorofa mpaka mawinguni, ndege zinapita katikati ya majengo, watoto wa matajiri wanashindana mbio na kukimbizana na warembo bustanini. Chini yake kuna mashine. Chini ya mashine ndiko wanakoishi wanaoziendesha. Mwenye mji anaitwa Joh Fredersen, ana mtoto mmoja wa kiume, Freder, ndiye steringi. Siku moja dada mmoja anaitwa Maria anapanda juu na watoto wa wafanyakazi, anawaambia wale watoto waangalieni, hawa ni ndugu zenu. Anafukuzwa. Dogo wa tajiri moyo ushakwenda na maji, anashuka chini kumtafuta, anakuta mashine inalipuka na watu wanakufa, na machoni mwake ile mashine inageuka dude lenye mdomo, Moloki, linalishwa watu ngazi kwa ngazi.

Anabadilishana nguo na mfanyakazi mmoja, anashika zamu yake. Ile kazi sasa! Kuna duara kubwa kama uso wa saa, lina mikono miwili na taa pembeni, taa ikiwaka huku unauvuta mkono huku, ikiwaka kule unaukimbiza kule, basi, ndiyo kazi hiyo masaa 10. Mpaka ananing'inia kama kasulubiwa, analia Baba, Baba, kwani masaa kumi hayaishi?

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza kwa hiyo nikawa natafsiri kwa sauti kama DJ wa kibanda umiza, maana mama jirani anayekaanga vitumbua hapo nje alikuwa ameingia kuchaji simu akakaa. Nilipomwambia wanafanya kazi saa kumi akasema mbona wanatoka mapema, wa kwetu mume wangu anatoka saa moja usiku. Ikabidi nimweleweshe ni masaa kumi, siyo saa kumi jioni. Akacheka. Halafu akanyamaza, akaangalia mpaka mwisho.

Mwisho (spoila, ila ina karibu miaka mia jamani): vurugu, mafuriko, roboti lililopewa sura ya Maria kachomwa moto, mwanasayansi kaanguka kutoka juu ya kanisa, halafu mbele ya mlango wa kanisa Freder anaushika mkono wa baba yake na mkono wa msimamizi wa mashine anaviunganisha. Maandishi yanasema mpatanishi wa kichwa na mikono lazima awe moyo. Imeisha.

Mama jirani akaniuliza: "Kwa hiyo mshahara wamepandishiwa?"

Nikasema haijaonyeshwa.

"Na yale masaa kumi?"

Hayajatajwa tena.

Akachomoa simu yake akaenda kugeuza vitumbua. Wakuu, mimi swali langu ndilo hilo la mama. Nimeitafakari wiki nzima na sijapata pa kulikwepa.

#2

Nimeweka kambi hapa. Ndoo ya maji ninayo.

#3

Muvi haina sauti masaa mawili na nusu hapana aisee, mimi hata bongo muvi yenye sauti nasinzia. Ila mkuu unajua kusimulia, ile ya mguu umeazimwa nimeielewa sana, mimi ni mlinzi.

#4

Mleta uzi umenikumbusha mbali. Niko Ujerumani mwaka wa kumi na moja huu, hii picha niliiona kwenye ukumbi na okestra wanapiga laivu mbele ya skrini, muziki ulioandikwa na Gottfried Huppertz kwa ajili yake tangu mwanzo. Niseme tu kwamba "bubu" ni jina la kuionea. Violini zikianza pale shifti inapobadilika unasikia kifuani. #3 ungekuwepo usingesinzia, na tiketi ilivyokuwa ghali ungejilazimisha.

Sasa kuhusu mwisho, kabla hatujamlaumu mtu tujue kwanza picha gani umeona. Hii filamu imechakachuliwa vibaya sana. Ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin tarehe 10 Januari 1927, ukumbi wa Ufa-Palast am Zoo, mkanda wote ulikuwa mita 4,189, yaani masaa mawili na nusu kwa mwendo wa kawaida. Haikuleta hela. Kampuni yake, UFA, ilikuwa imekopa Marekani kwa kampuni za filamu za Paramount na MGM, na kwenye ule mkataba Paramount wakapata nafasi ya kuishika kule kwao. Wakampa mwandishi wa tamthilia anaitwa Channing Pollock aipunguze, akakata karibu robo na kuandika upya maandishi. Kisha UFA yenyewe ikanunuliwa na Alfred Hugenberg, tajiri wa magazeti (huyu huyu baadaye alikaa kwenye baraza la kwanza la mawaziri la Hitler mwaka 1933), na huko Ujerumani nako wakaikata. Kwa hiyo kuanzia mwaka ule ule wa 1927 dunia nzima ikawa inaangalia kipande. Watu wamezeeka wamekufa wanaisifia picha ambayo hawajaiona.

Mfano mmoja tu. Yule mwanasayansi Rotwang na Fredersen ugomvi wao ni wa mwanamke, anaitwa Hel. Rotwang alimpenda, akaolewa na Fredersen, akafa akimzaa Freder. Rotwang ana sanamu kubwa la kichwa chake nyumbani na lile roboti analiunda ili amrudishe. Pollock akaona Hel kwa Kiingereza linafanana na jehanamu, akafuta jina, sanamu na kisa chote. Ikabaki mwanasayansi kichaa anatengeneza roboti, kisa cha mapenzi nyuma yake hakipo.

#5 (mleta uzi)

#4 ubarikiwe mkuu. Ya kwangu ina Hel, na kuna sehemu picha inakuwa na chenga mpaka unadhani waya wa tivii umelegea halafu inarudi safi. Dogo alikuwa anapiga piga tivii.

#6

Hahahaa mwambie dogo aiache tivii, hizo chenga zimetoka Argentina.

Kisa chenyewe kitamu. Mwaka 1928 msambazaji mmoja wa Buenos Aires alipeleka kule kopi nzima, kabla mikasi haijaifikia. Ikaonyeshwa, ikaisha, mikanda ikaingia mikononi mwa mhakiki wa filamu mmoja, ikauzwa, ikahama hama, na kwa sababu mikanda ya zamani inashika moto kama petroli wakaihamishia kwenye mkanda mwembamba wa milimita 16, na hawakuisafisha kwanza, mikwaruzo yote ikapigwa picha pamoja. Kule kuna mtafiti, Fernando Martín Peña, alikuwa amesikia hadithi ya mzee wa klabu ya sinema akilalamika kwamba zamani alionyesha Metropolis na mkanda ulikuwa unacheza cheza, ikabidi asimame amebana projekta kwa kidole masaa mawili na zaidi. Watu walisikiliza wakaona ni stori ya mzee. Peña akawaza: masaa mawili na zaidi? Mbona matoleo yote yanayojulikana ni mafupi?

Miaka ikapita, 2008 Paula Félix-Didier, mkuu wa makumbusho ya sinema pale Buenos Aires, akamruhusu waangalie stoo. Wakaikuta kwenye makopo. Karibu nusu saa ambayo dunia ilishasema imepotea moja kwa moja. Februari 2010 ikaonyeshwa tena Berlin ikiwa karibu nzima. Wameacha mapengo mawili matatu tu yaliyoharibika, mojawapo ni pale Fredersen na Rotwang wanapopigana, hapo wanaweka maandishi kueleza kilichotokea.

Yaani kidole cha mzee mmoja. Kila nikikumbuka nacheka peke yangu.

#7

Hii chai mkuu.

#8

#7 siyo chai, ni kweli kabisa, hata mimi nilisoma wakati ule ilipotoka magazetini Ujerumani. Tuendelee.

#9 (mleta uzi)

#6 sasa umenifungua kitu, ngoja nikiseme kabla hakijanitoka. Vile vipande vya chenga nimerudi kuviangalia jana usiku. Vingi ni vya nani? Ni vya yule mfanyakazi aliyebadilishana nguo na Freder! Anaitwa Georgy, namba 11811, kofia imeandikwa namba. Freder anampa nguo zake za kitajiri na gari, anamwambia nenda kwa rafiki yangu Josaphat nisubiri huko. Georgy yuko ndani ya gari, anaangalia dirishani, hajawahi kuona taa zile maisha yake yote, anaingiza mkono mfukoni anakuta hela. Mahela! Yanaanguka makaratasi ya matangazo ya klabu ya usiku inaitwa Yoshiwara. Na gari linapita jirani na dada mmoja anajipodoa kwenye gari lake anamtazama.

Kaenda wapi? Kaenda Yoshiwara bwana. Kazima simu kabisa kama angekuwa nayo.

Mimi hapo nilimpenda. Picha nzima wafanyakazi ni safu, ni migongo, hakuna mwenye jina, huyu mmoja ndiye tunamuona ana tamaa kama mtu, ana masaa machache ya kuwa mtu. Na baadaye anarudi, anaona aibu, na kule mapangoni watu wanapomvamia Freder, Georgy anajitupa mbele kisu kinampata yeye, anafia mikononi mwa Freder.

Sasa tafakari. Walipokaa na mkasi wakatafuta cha kupunguza, wakaona anayeweza kuondoka bila hasara ni yule. Mtoto wa bosi kabaki kila sehemu. Mfanyakazi mwenye jina ndiye aliyeenda kulala kwenye kopo Argentina miaka themanini.

#10

Duh.

#11

Mimi naomba nipige hesabu kidogo maana hayo masaa kumi yananisumbua, hapo mwanzo kuna saa mbili ukutani, moja ya masaa 24 na moja ina namba mpaka 10 tu. Kumi haiingii kwenye 24 jamani. Mashine hazizimwi. Ukianza saa 12 asubuhi unatoka saa 10 jioni (mama wa vitumbua alikuwa sahihi kabisa!), mwenzako anaingia hapo anatoka saa 8 usiku, halafu wewe tena saa 8 usiku mpaka saa 6 mchana. Kila siku zamu inateleza. Mwili haujui lini usiku lini mchana. Nikasema huyu Lang kakosea hesabu, halafu nikakumbuka wanaishi chini ya ardhi. Jua wanalitakia nini? Saa ya bosi ndiyo jua lao. Sisi huku angalau tuna saa yetu, mzungu akisema saba sisi tunasema moja.

#12

#11 umewaza mbali kaka, mimi nilidhani ni urembo wa ukutani tu.

#13

Assalaam aleikum ndugu zangu, mie niko Unguja. Hamjataja na sisi tumo! Mwaka 1984 yule mtunzi wa muziki wa disko, Giorgio Moroder, aliichukua hiyo filamu akaitia rangi rangi, akaifupisha ikawa kama saa moja na nusu, akaweka nyimbo za wakati ule. Mmoja wa waimbaji ni Freddie Mercury, mzaliwa wa hapa hapa Mji Mkongwe, 1946, wimbo wake Love Kills. Na ile video ya bendi yake, Queen, ya wimbo Radio Ga Ga, wanaporuka juu ya mji na kupiga makofi na umati, mule ndani mna vipande vya Metropolis yenyewe. Mie nimekua naangalia ile video sijui zile picha za wale watu wenye sare nyeusi zimetoka wapi. Leo ndiyo nimejua ni wafanyakazi wa shifti.

Wataalamu wanaliponda toleo la Moroder, lakini waulize wangapi wangeijua hiyo filamu bila ya yeye.

#14

#13 aleikum salaam dada. Hilo la Moroder mimi wala siliangalii, unawekaje gitaa kwenye mafuriko. Ila la Freddie nimelipenda.

Kuna kitu kingine cha kwetu, cha uchungu kidogo. Kuna pale lile roboti lenye sura ya Maria linapocheza mbele ya wanaume wenye suti wanatoa macho, linainuka kwenye chombo kikubwa na chini yake wamewekwa wanaume weusi vifua wazi kama nguzo za meza. Hawana jina hata kwenye maandishi. Berlin ya miaka ile ilikuwa na Waafrika kutoka yaliyokuwa makoloni ya Mjerumani, na kazi mojawapo waliyoweza kupata ilikuwa kusimama nyuma kwenye filamu. Anayejulikana zaidi ni Bayume Mohamed Husen, kazaliwa Dar es Salaam 1904, kaingia jeshi la Mjerumani akiwa mtoto vita ya kwanza. Alifika Berlin 1929, miaka miwili baada ya Metropolis, kwa hiyo humu hayumo. Alikuwa mhudumu, akafundisha Kiswahili chuoni, akapewa vinafasi kwenye filamu, mara boi mara askari. Kafia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Kuna kijiwe cha shaba kimewekwa chini mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi, nimesimama pale. Watu wanapita na mifuko ya sokoni.

#15

Mwaka wenyewe unaosemwa kwenye hiyo muvi si ndiyo 2026? Nimeona mitandaoni watu wanapost.

#16

#15 mwaka hautajwi ndani ya filamu yenyewe mkuu, hizo ni za matangazo na watu wa mitandao. Ila simu ya video imo. Fredersen anampigia msimamizi wa mashine, anamuona kwenye kioo ukutani, karatasi inatoka pembeni. 1927! Na ule mji karibu wote ni vimodeli vya mezani, wanasogeza vigari kidogo kidogo wanapiga picha moja moja. Kuna fundi, Eugen Schüfftan, alitumia kioo kilichokwanguliwa sehemu, kinaakisi kimodeli, na pale palipokwanguliwa unaonekana mwigizaji amesimama mbali. Kamera inaona mtu mdogo ndani ya jengo kubwa. Hakuna kompyuta.

#17

Naomba niwe mbaya wa uzi. Ninyi mnaipamba, lakini H. G. Wells, yule Muingereza mwandishi wa hadithi za sayansi, aliiponda mwaka ule ule wa 1927 kwenye New York Times na mimi naona alikuwa na pointi. Alisema mashine kazi yake ni kupunguza vibarua, sasa hawa wana mashine kubwa kama mlima na bado wanahitaji maelfu ya watu kuvuta vyuma? Tajiri gani huyo hajui biashara? Siku hizi bosi haogopi wafanyakazi watagoma, anatamani wasiwepo.

#18 (mleta uzi)

#17 pointi nzuri lakini njoo kwetu. Kiwandani kuna mashine mpya ya kufungasha, ilivyoletwa tuliambiwa itatupunguzia kazi. Sasa hivi watu watatu kazi yao ni kuifuata yenyewe, ikitoa boksi bovu unalichomoa, taa nyekundu ikiwaka unabonyeza, ya kijani unaachia. Nilivyoona lile duara na taa zake nilicheka mpaka dogo akaniuliza anko vipi.

#19

Mimi nilisoma habari za utengenezaji wake na hapo ndipo mji wa juu na mji wa chini unapoonekana vizuri kuliko hata kwenye skrini. Walianza kupiga picha Mei 1925 wakamaliza Oktoba 1926, kule studio za Neubabelsberg, karibu na Berlin. Bajeti ilitakiwa milioni moja na nusu za marki ikafika zaidi ya milioni tano. Watu wa kujaza umati walipatikana kirahisi kwa sababu ajira hakuna. Kwa hadithi ya Mnara wa Babeli, pale Maria anapohubiri, walitumia vipara kama elfu, watu wakanyolewa. Kwa mafuriko wakaleta watoto mia kadhaa kutoka mitaa ya maskini ya Berlin, siku na siku kwenye maji, na Lang anataka irudiwe tena na tena. Huyo ndiye anayetuambia kichwa kiihurumie mikono!

Na Brigitte Helm, aliyecheza Maria na roboti, alikuwa binti hajafika hata miaka ishirini, hajawahi kucheza filamu. Lile vazi la roboti lilitengenezwa na mchonga sanamu Walter Schulze-Mittendorff kwa aina ya mbao laini inayofinyangwa ikikauka inakuwa ngumu, wakapaka rangi ing'ae kama chuma. Linambana, linamchubua. Inasimuliwa aliuliza kwa nini asivae mtu mwingine na sura haionekani, Lang akamjibu yeye angejua. Na kwenye kuchomwa moto nguo yake ilishika moto kweli.

#20

Bosi ni bosi tu.

#21

Jamani mie natoka Mombasa na nitautetea huo mwisho peke yangu, msinipige mawe. Mwaangalia mkono ukishikana, hamuangalii kabla yake. Yule msimamizi, Grot, anatoka mbele ya wenziwe, anamfikia tajiri, anasimama, anapangusa mkono kwenye nguo, hajui aufanyeje. Tajiri naye hautoi. Wote wawili wamekaa vivyo hivyo kama wakwe waliogombana kwenye arusi. Hawawezi. Ndiyo Maria amwambia Freder aingie kati. Kwangu mie hapo pana ukweli, mtu anayekunyonya na wewe unayenyonywa hata kusalimiana hamjui. Mwasema lugha moja lakini hamuelewani, ndivyo hasa Maria alivyosema kwenye kile kisa cha Babeli, waliouwaza mnara na walioujenga. Mshahara ni mazungumzo ya kesho, lakini kesho haiji kama leo hawajaamkuana.

#22

Dada #21 umeongea vizuri ila historia inakukatalia. Mwandishi wa hadithi ni Thea von Harbou, mke wa Lang. Hiyo habari ya tajiri na maskini washikane mikono, tofauti zisahauliwe, sote taifa moja, ndiyo lugha ya chama cha Hitler hiyo hiyo, na mama huyo baadaye alijiunga nacho. Lang, ambaye mama yake alizaliwa Myahudi, akaondoka Ujerumani 1933, wakaachana mwaka huo huo. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, alimwita ofisini kumpa ukubwa wa filamu za Ujerumani nzima, akatoka pale jasho linamtiririka akapanda treni usiku ule ule. Watu wakaja kuangalia pasipoti yake wakakuta mihuri ya safari haikubaliani na stori. #7 hiyo sasa ndiyo chai.

Lakini uzeeni alikiri kabisa kwamba ule mwisho ni hadithi ya watoto na aliukataa.

#23

Mwandishi kuwa mbaya hakufanyi mkono usiwe mkono. Nabaki pale pale.

#24 (mleta uzi)

Wakuu nimerudi. Nimesoma yote, #21 ulinitikisa kidogo, nikasema labda nimemuonea. Jana jioni mama jirani kaja tena kuchaji nikamwambia mama, kuna dada wa Mombasa anakupinga. Akasema weka tena huko mwisho.

Nikaweka. Tajiri pale, kanisa pale, wafanyakazi wanakuja kama pembe tatu, safu nyeusi, mmoja mbele. Mama akasogea karibu na tivii, mikono ina unga.

"Huyu wa mbele si ndiye yule mwenye ndevu aliyepeleka karatasi kwa tajiri?"

Nikarudisha nyuma. Ni yeye. Grot, mwanzoni kabisa, anaingia ofisini kwa Fredersen na ramani zilizokutwa mifukoni mwa wafanyakazi waliokufa kwenye mlipuko, anazikabidhi. Ndizo zinazomuonyesha tajiri kwamba watu wanakutana mapangoni. Roboti lote, mafuriko yote, mwanzo wake zile karatasi. Na baadaye Fredersen mwenyewe anamuamuru kwa ile simu ya video afungue milango mashine kuu ivunjwe, anabisha kidogo anafungua.

Mama akasema, "Sasa hawa wawili si walikuwa wanajuana siku zote. Wanapatanishwa nini?"

Nikakosa jibu tena. Dada #21 nakusubiri.

#25

Ebo! Ngojeni kwanza, naiangalia upya.

#26

Huyo mama apewe jukwaa lake la filamu.

#27 (mleta uzi)

Kesho naingia shifti ya usiku mpaka Jumapili, mkiuliza kitu nitajibu nikitoka, kama mguu utaruhusu.

#28

Mkuu hiyo flashi unaikodisha shilingi ngapi?